Msogezee Maiki

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwanza kwa wale wanaokusanya sauti za watu kwa simu ya mkononi: mwandishi wa redio ya jamii, mwakilishi wa wilayani anayelipwa kwa kila habari, mwanafunzi wa uandishi wa habari, kijana anayetengeneza vipindi vya mtandaoni, na hata mjukuu anayetaka kurekodi historia ya ukoo kutoka kwa bibi yake. Lakini na wewe usiyeshika maiki nakuomba usiondoke. Wewe ndiye unayesikiliza kazi zao, na wewe ndiye unayehama stesheni sauti ikianza kukwaruza.

Sikiliza taarifa ya habari ya jioni yoyote. Waziri anasikika vizuri. Amezungumza ukumbini, mbele ya maiki iliyosimikwa juu ya meza, fundi mitambo akiwa pembeni. Baada yake anaingizwa mkulima wa ufuta, au mama lishe aliyebomolewa banda lake, na sauti yake inatoka mbali, imemezwa na pikipiki na upepo. Mtangazaji analazimika kurudia alichosema. Mhariri aliyebanwa na muda anaikata sauti ile kabisa, na maneno ya yule mama yanasomwa na mtu mwingine studioni. Hakuna aliyekusudia kumnyamazisha. Kilichomnyamazisha ni umbali kati ya mdomo wake na maiki.

Ndiyo maana naichukulia kazi ya kuchagua maiki ya kutembea nayo kuwa sehemu ya kumtendea haki anayehojiwa. Mwenye cheo atasikika hata ukienda mikono mitupu, kwa sababu alikokaa kila kitu kimeshaandaliwa. Asiye na cheo anategemea kilichomo ndani ya mkoba wako.

Tuanze na huo umbali. Sauti ikishatoka mdomoni husambaa, na mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, hupungua kwa desibeli 6. Tuseme maiki iko sentimita 15 kutoka mdomoni. Isogeze hadi sentimita 30, umepoteza desibeli 6. Ipeleke sentimita 60, umepoteza 12. Ifike mita moja na sentimita 20, ambao ndio umbali wa watu wawili wanaoongea wakiwa wamekaa kwenye viti, umepoteza 18. Wakati huo kelele za barabarani hazijapungua hata kidogo, maana barabara iko palepale. Ukirudi ofisini ukaipandisha sauti ya mhojiwa, umepandisha na honi, na jenereta, na jogoo wa jirani.

Zipo programu za kompyuta za kusafisha sauti, na za siku hizi zinafanya kazi nzuri kuliko za zamani. Hata hivyo, kuiondoa kelele iliyokwisha kuchanganyika na maneno ni kama kuitoa chumvi iliyokwisha kuingia kwenye mchuzi. Utajaribu hili na lile, ladha ya mwanzo hutaipata. Programu ikikazwa sana inakula silabi za mwisho, sauti ya mtu inabaki nyembamba, haina uhai. Kwa hiyo kanuni inayotangulia zote ni hii: maiki ya bei ndogo iliyo karibu na mdomo huishinda maiki ya bei kubwa iliyo mbali. Mtu akikuuliza ipi maiki bora, muulize kwanza utairekodia wapi na itakaa umbali gani kutoka kwa msemaji.

Na kabla hujatoa hata shilingi moja, kijue vizuri ulichonacho tayari. Simu yako ina maiki yake, mara nyingi upande wa chini, jirani na tundu la kuchajia. Maiki hiyo si mbaya kama wengi wanavyodhani. Kinachoharibu ni mazoea ya kuilaza simu mezani katikati ya watu wawili na kutumaini itawasikia wote. Ishike. Elekeza upande ule wa chini kwa mhojiwa, iwe chini kidogo ya usawa wa mdomo wake, umbali wa shubiri moja, na uipeleke pembeni kidogo ili pumzi za herufi P na B zisiipige moja kwa moja. Angalia kidole chako kisizibe kile kitundu. Zima mtandao wa simu kwa muda, la sivyo mtu atapiga katikati ya jibu zuri na simu nyingi zitaacha kurekodi palepale.

Ila kuishika simu mbele ya uso wa mtu kwa nusu saa kunauchosha mkono, na kunamfanya mhojiwa aitazame simu badala ya kukutazama wewe. Hapo ndipo haja ya maiki ya nyongeza inapoanza.

Kwa mahojiano ya kukaa kitako, na hasa ya wazee wanaosimulia mambo marefu, mimi naipendekeza kwanza maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya. Haina mbwembwe, haisumbui kuchaji, na hukaa karibu na mdomo muda wote bila mtu kuishika. Inayojulikana sana katika kundi hili ni Boya BY-M1. Ina waya wa mita 6, na kwenye waya kuna kijisanduku chenye betri ndogo ya duara aina ya LR44 na swichi ya kuchagua kama unatumia simu au kamera. Wengi huinunua, wakaiacha swichi upande usiohusika, kisha wakailaumu maiki. Urefu wa mita 6 unafaa sana unapotaka kukaa mbali na kamera, lakini kwa simu iliyoko karibu waya wa ziada uukunje, uufunge kwa mpira, uuweke mahali ambapo mtoto hatajikwaa.

Maiki nyingi za namna hii husikia kutoka pande zote. Hilo lina faida yake: mzee akigeuka kumtazama mkewe ili amkumbushe jina la mtu, sauti haipotei. Lina na hasara yake: pangaboi linalozunguka juu ya kichwa nalo linasikika, na friji inayonguruma jikoni, na redio ya nyumba ya pili. Kwa hiyo ukiibeba maiki hii, mahali pa kukaa pana uzito kuliko kitu kingine chochote. Chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu kinarudisha mwangwi. Omba mhamie kwenye chumba chenye mapazia, godoro, mkeka na nguo zilizotundikwa, kwa sababu vitu laini vinaumeza mwangwi. Mvua ikianza kugonga mabati, ngojeni ipite. Hakuna maiki itakayokusaidia hapo. Na mahali pakikosekana kabisa, gari lililozimwa na kufungwa vioo ni studio nzuri kuliko vyumba vingi.

Sasa tuangalie namna ya kuibana, maana hapo maiki hii hufaulu au hushindwa. Mahali pake ni kifuani, katikati, shubiri moja chini ya kidevu, juu ya nguo. Ukimbania mtu kwenye kola ya upande wa kulia kisha akaongea ameelekea kushoto, umempoteza. Mwanamke aliyejitanda mtandio anahitaji uangalifu zaidi. Maiki ikifichwa chini ya kitambaa, kitambaa kinaikwaruza kila anapogeuza shingo, na sauti inafifia. Ibanwe juu ya mtandio, kwenye sehemu iliyotulia, na waya ufanyiwe kitanzi kidogo nyuma ya kibanio ili ukivutwa usiitikise maiki yenyewe. Mkufu mrefu, kitambulisho kinachoning'inia shingoni na bangili zinazogongana, muombe avisogeze au avivue kwa muda.

Na mikono yako ikae kwako. Mpe maiki mkononi, mwonyeshe kwenye nguo yako wewe jinsi inavyobanwa, kisha mwachie aibane mwenyewe, au binti yake amsaidie. Mwambie, "Shikamoo bibi, naomba uniwekee kidude hiki hapa kifuani, ndicho kitakachonisaidia nikusikie vizuri." Asipopenda kuvaa kitu chochote, shukuru na ushike simu. Mtu aliyeheshimiwa kabla ya swali la kwanza huongea kwa nafasi, na ile nafasi inasikika redioni.

Kuna jambo jingine la adabu. Maiki ya kubanwa husahaulika, na mwenye kuivaa ndiye wa kwanza kuisahau. Mahojiano yakiisha, atamwita mwanawe, ataongea habari za fedha za nyumbani, atasema neno juu ya jirani. Ukimaliza swali la mwisho, sema wazi kwamba umemaliza, zima kurekodi mbele ya macho yake, kisha muombe aivue. Sauti uliyoinasa baada ya kwaheri hukupewa.

Turudi kwenye vifaa. Kitu kinachoharibu kazi nyingi kimyakimya ni pini ya mwisho wa waya. Ichukue pini ile ya duara ya milimita 3.5, uitazame kwenye mwanga. Ikiwa na pete mbili, imetengenezwa kwa ajili ya kamera au kinasa sauti. Ikiwa na pete tatu, ni ya simu, kwa sababu simu hutumia tundu hilo moja kupeleka sauti kwenye masikio mawili na pia kupokea sauti ya maiki. Balaa ni kwamba pini ya pete mbili inaingia kwenye simu bila taabu yoyote. Skrini haikuonyi. Mawimbi ya sauti yanacheza kwenye programu ya kurekodi kama kawaida. Kumbe simu inatumia maiki yake yenyewe, ile iliyoko mezani mita moja kutoka kwa msemaji, na maiki uliyombania kifuani ni pambo tu.

Kuna jaribio la kulikamata kosa hilo, na halichukui hata dakika. Anza kurekodi. Kwaruza kichwa cha maiki ya nje taratibu kwa ukucha. Kisha kwaruza upande wa chini wa simu. Acha kurekodi, usikilize. Mkwaruzo wa karibu na wenye nguvu unatakiwa uwe ule wa kwanza. Ukiwa wa pili, maiki yako haijaunganishwa, hata kama umeilipia. Lifanye jaribio hili kila siku unayotoka, na ulifanye tena mbele ya mhojiwa kabla hajaanza. Maji yakimwagika hayazoleki, na mzee aliyesimulia kwa machozi huwezi kumrudia kesho ukamwambia aanze upya.

Matundu yenyewe yamebadilika katika miaka hii. Apple iliiondoa nafasi ya pini ya duara kwenye iPhone 7 mwaka 2016, watumiaji wakabaki na tundu la Lightning. Mwaka 2023 iPhone 15 ikaja na USB-C, tundu lilelile ambalo simu nyingi za Android zilikuwa nalo tayari. Simu nyingi za bei ya chini bado zina tundu la duara, na kwa mwandishi hilo ni jambo la kushukuru. Kama simu yako haina, utahitaji kiunganishi kidogo cha kubadilisha, na hapo ufungue macho. Viunganishi vya USB-C vinavyofanana kabisa kwa nje viko vya aina mbili: kimoja kina kijisaketi ndani kinachobadilisha sauti kuwa ya kidijitali, kingine kinapitisha waya tu na hufanya kazi kwenye baadhi ya simu. Kipo pia cha kusikilizia muziki pekee, kisichopokea maiki. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba vyote ni sawa. Nenda dukani na simu yako, chomeka, fanya jaribio la ukucha palepale kwenye kaunta, ndipo utoe pesa.

Sasa tutoke ndani ya nyumba. Chukua Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi mapema. Wanadi wanapandisha bei, visu vinagonga meza, maji yanamwagwa, injini za boti zinaunguruma, na ng'ambo kidogo pantoni ya Kigamboni inapiga honi. Unataka neno la dakika moja kutoka kwa mvuvi, jingine kwa mchuuzi, jingine kwa mama anayekaanga. Hapa maiki ya kubana haifai. Itasikia soko zima, na kuibana na kuivua kwa kila mtu kutakumalizia asubuhi yako na subira yao.

Pahali kama hapo panataka maiki ya kushika mkononi, ya aina ya dainamiki. Maiki za dainamiki hazihitaji betri wala umeme kutoka kwenye simu, huvumilia kuanguka, na kwa kuwa si nyepesi kunasa sauti za mbali, huipendelea sauti iliyo mbele yao. Shure SM58, ambayo kila mtu ameiona mikononi mwa wanamuziki, ipo sokoni tangu mwaka 1966 na bado inatengenezwa. Inasikia zaidi kwa mbele na kupunguza kinachotoka nyuma, kwa hiyo ukiisimamisha vizuri unaweza kuugeuzia mgongo wake ule upande wenye kelele. Electro-Voice RE50 yenyewe inasikia pande zote, lakini imeundwa kwa ajili ya mahojiano ya nje: ganda lake linazuia mgongano wa vidole usiingie kwenye sauti, na mhojiwa akiyumbisha kichwa haumpotezi. Anayeanza, mwenye mkono usiotulia bado, atasaidiwa zaidi na hii ya pande zote. Aliyezoea kuielekeza maiki sawasawa atafaidika na ile ya kwanza.

Jambo la kujua ni kwamba maiki hizi hutoa mkondo mdogo sana, na kiungio chake ni kile kinene chenye vijiti vitatu. Haziingii kwenye simu moja kwa moja. Utahitaji kijisanduku cha kuongeza nguvu kinachoingia kwenye simu, au kinasa sauti kidogo cha peke yake kilichoandaliwa kwa ajili ya maiki za namna hiyo. Vinasa sauti vya peke yake kwa jumla vina faida kubwa kwa anayesafiri mbali na umeme. Zoom H1n, kwa mfano, ingawa haina tundu la kile kiungio kinene, hutumia betri mbili za AAA ambazo duka la kijijini linazo, ina maiki zake yenyewe juu ya kichwa, na simu yako inabaki huru kwa kazi ya simu.

Ukiwa na maiki ya mkononi, mkono ndio ufundi wenyewe. Ipeleke kwake wakati anajibu, irudishe kwako wakati unauliza, bila haraka, waya ukiwa umezungushwa mara moja kiganjani ili usichezecheze. Na usiiachie. Mwenye mazoea ya majukwaa ataipokea maiki kwa tabasamu, na akishaishika mahojiano yamegeuka hotuba. Kwa upole kabisa mwambie, "Mheshimiwa, acha nikushikie," uendelee.

Naona kijana anayenisikiliza anasema moyoni, mbona huyu hajataja zile zisizo na waya? Nazitaja sasa, kwa sababu ndizo zinazouzwa zaidi na ndizo zinazonunuliwa kwa pupa. Mwaka 2019 kampuni ya Rode ya Australia ilitoa Wireless GO, vijisanduku viwili vya kubana nguoni, kimoja kwa msemaji na kimoja kwenye kamera au simu. Kampuni nyingine nyingi zikafuata njia hiyo, ikiwemo DJI, na leo kila mtaa wa maduka ya simu unauza za bei zote. Raha yake ni kweli. Mkulima anatembea shambani akionyesha mahindi yaliyoshambuliwa na viwavi jeshi, nawe uko hatua kumi nyuma, na kila neno linafika.

Lakini zijue tabia zake. Nyingi hupita kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na kwenye mkutano wa waandishi wenye simu mia moja hewani huweza kukatika. Mwili wa mtu, kwa kuwa una maji mengi, huyazuia masafa hayo. Msemaji akikupa mgongo huku kifaa kiko kifuani mwake, sauti inaanza kukatakata. Idadi ya mita iliyoandikwa kwenye boksi ni ya uwanja mtupu usio na mtu. Betri zake kwa kawaida zimefungiwa ndani, huwezi kuzibadilisha njiani. Na zile za bei ya chini kabisa nyingi zina kitufe cha kupunguza kelele ambacho kikiwashwa kinakula na maneno. Kizime, usogeze msemaji mahali patulivu. Kama una uwezo wa kununua ya bei ya juu, tafuta ile inayojirekodia yenyewe ndani ya kile kijisanduku cha msemaji. Mawasiliano yakikatika, sauti inabaki salama mule ndani, na hiyo ndiyo sababu pekee ambayo mimi ningemshauri mtu atumie fedha nyingi.

Nisisahau upepo, maana sisi wa pwani tunaujua. Kusi ikivuma, ufuo mzima unanguruma ndani ya maiki kuliko unavyonguruma masikioni, kwa sababu hewa inaisukuma ngozi nyembamba ya maiki moja kwa moja. Sponji inayokuja na maiki husaidia pumzi za mdomo, ila kwa upepo wa baharini haitoshi. Kinachofaa ni kile kivishio chenye manyoya marefu, kinachoupunguza upepo kasi kabla haujafika kwenye maiki. Ni kitu cha bei ndogo, na kwa anayefanya kazi Lamu, Bagamoyo au Makunduchi ningekihesabu kuwa cha lazima. Ukikikosa, simama upepo ukiwa mgongoni mwako, mhojiwa akiwa mbele yako amekingwa na mwili wako, au jifiche nyuma ya ukuta au ubavuni mwa mashua iliyopandishwa mchangani.

Katika orodha ya manunuzi, kitu ambacho watu hukiweka mwisho mimi nakiweka mbele: hedifoni za waya, za kawaida tu. Masikio yako yamezoea kuzichuja kelele. Umekaa na mtu dakika kumi, pangaboi hulisikii tena. Maiki haina mazoea hayo, inaandika kila kitu. Ukivaa hedifoni na kusikiliza kinachoingia, utalisikia pangaboi, utaisikia kola inayokwaruza, utajua mapema kwamba waya umelegea. Si kila simu inaruhusu kusikiliza wakati wa kurekodi. Kama yako hairuhusi, rekodi nusu dakika ya maongezi ya kawaida, muulize mhojiwa amekula nini asubuhi, kisha usikilize kabla ya kuanza rasmi. Mwisho wa mahojiano, rekodi dakika nzima ya mahali pale pakiwa pametulia, hakuna anayeongea. Mhariri atakushukuru siku atakapotaka kuunganisha vipande viwili bila msikilizaji kushtuka.

Na ukishapata sauti safi, usiiharibu njiani. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huminywa ili usafiri kwa wepesi, na kwa salamu za nyumbani unatosha. Kwa redio, rekodi kwenye programu ya kurekodia, kisha utume faili kama hati. Faili la WAV la ubora wa CD, la chaneli moja, huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika. Kata kipande kinachohitajika, tuma hicho, faili lote lihifadhi.

Kwa hiyo, anayeanza na fedha kidogo anunue kwa mpangilio huu. Hedifoni za waya, kisha maiki ya kubana yenye waya na pini inayolingana na simu yake, kisha kivishio cha upepo. Kwa vitu hivyo vitatu atafanya kazi ya miaka. Akishajua habari zake nyingi zinatoka wapi, ndipo aongeze: wa masokoni na mikutano ya hadhara achukue ya mkononi, wa mashambani na wa picha za video achukue isiyo na waya. Anayeanzia mwisho wa orodha hii hununua mara mbili.

Neno langu la kumalizia ni kwa wenye stesheni na wahariri. Mnawadai wawakilishi wa wilayani sauti za wananchi, na mnazikataa zikija mbovu. Wanalipwa kwa habari moja moja, na nauli wanatoa mfukoni. Kabla ya kubadilisha bango la nje au kununua kiti kipya cha studioni, mpeni kila mwakilishi maiki ya kubana na hedifoni, mkae naye mchana mmoja mumfundishe kuzitumia. Kisha wekeni kanuni katika chumba cha habari: sauti ya mwananchi isikatwe kwa sababu ya ubovu wa kurekodi bila mwandishi kupigiwa simu na kuelezwa kosa liko wapi, ili ya kesho ije safi. Mwandishi aliyeelezwa hivyo mara mbili tatu hujifunza, na stesheni inapata mtu wa kumtegemea.

Na wewe mwandishi, kabla ya kuuliza swali la kwanza, pima shubiri moja. Kama maiki iko mbali zaidi ya hapo, sogea. Watu wamekupa muda wao, wamekupa habari za maisha yao, na wanachokudai ni kwamba jirani zao wakiwasha redio wayasikie maneno ya hao waliohojiwa, kwa sauti zao wenyewe, kwa ukamilifu uleule aliopewa waziri.